Jina Ambalo Halikuwemo Kwenye Kanda

Alikuja Jumamosi baada ya adhuhuri, na kabla hajavua viatu nilijua kwamba la harusi halikumleta. Mtu wa harusi hubisha hodi. Huyu aliingia uani kwa bibi yangu kama mtu aliyeibiwa kuku halafu akasikia harufu ya mchuzi nyumba ya pili. Mkononi alishika kanda yetu. Usoni alishika mengine.

Mimi, Ansoifa na Oumi tulikuwa mkekani tunajizoeza na mbiwi, vile vipande viwili vya mbao ngumu ambavyo wanawake wa Kikomoro huvigonganisha harusini mpaka majirani wasahau usingizi. Siku ya pili yake tulikuwa na onyesho letu la kwanza tangu kanda itoke. Mikono yetu ilisimama hewani.

"Asalaam alaykum," akasema, kwa sauti ya mtu anayedai.

"Wa alaykum salaam, Mwenyewe. Karibu, kaa, unywe maji."

"Sikuja kunywa maji, Zalia."

"Kutoka Nosy Be mpaka Mahajanga hukunywa maji?" Ansoifa akadakia. "Ndiyo maana umekauka hivyo, shemeji."

"Leo utani sitaki."

"Ukiuacha utani mlangoni, humu ndani utaingia na nini?"

Oumi akainua macho kutazama dari, na uani kwetu dari hakuna.

Msomaji wangu, nikwambie mapema usije ukanilaumu. Mtu huyu nilimwita Mwenyewe, na jina lake sikulitaja. Si kwa kulisahau. Siku wazee wake walipotoka Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, wakaja kwetu Mahabibo, mtaa wetu wa Mahajanga, na sinia la tambuu kutia neno, yaani kuniposa, Koko alinivuta sikio. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na huyu wangu ndiye aliyenilea tangu nilipobaki bila baba wala mama, nikiuza sambusa ufukweni kabla sijajua kuhesabu chenji. Akaniambia:

"Kuanzia leo jina lake umelimeza. Wanawake wa nyumba hii hatumtaji mume, wala mchumba aliyekwisha kutia neno. Jina lake linakaa tumboni, linapata joto. Ukilitoa kinywani, ni siku moja tu, siku unayomwacha, ukamrudisha kwao."

Yeye mwenyewe Koko aliishi na babu hadi kifo, na siku ya mazishi alipoulizwa marehemu anaitwa nani, alimwonyesha jirani kwa kidole ili amjibie. Kwa hiyo kama una hamu ya kulijua jina la mchumba wangu, vumilia. Mimi nilivumilia tangu siku ya lile sinia, na tumbo langu lilikuwa limelizoea kama linavyozoea wali.

"Lete redio," Mwenyewe akamwambia Oumi.

Oumi akaileta. Mwenyewe akaitia kanda upande wa pili, akaipeleka mbele, akasimamisha, akairudisha kidogo tu, akabonyeza. Ikaangukia pale pale alipopataka. Mtu asiyeipenda kanda haijui hivyo. Moyo wangu ukachekelea hata kabla sijaambiwa kosa langu.

Na nikuambie ile kanda ilivyokuwa, kwa sababu bila kuisikia huwezi kumwelewa mwanamume huyu. Ilikuwa mwaka 1987. Tulijiita Zandry Telo, maana yake kwa Kimalagasi ni wadogo watatu, na Bwana Houmadi, muuza redio wa sokoni Mahabibo, alituingiza katika chumba alichokizungushia magodoro ukutani akatuambia, "Imbeni kama harusi, lakini msile." Gitaa lilikwenda mbio kama maji yanayotafuta mteremko. Ansoifa alikuwa na sauti ya juu, ile inayomfanya mtu aache kutafuna. Oumi alikuwa na ya chini, nzito, ya kuegemea. Yangu ilikuwa ya kati, ambayo hakuna aliyeisikia, lakini Bwana Houmadi siku moja aliniambia ninyamaze kwa kujaribu, na wimbo mzima ukaanguka kama hema lililong'olewa mti. Nyuma ya sauti zetu hapakuwa na ngoma ila mbiwi, tak-taka-tak, mbao za mama zetu, ambazo hakuna aliyewahi kuthubutu kuzitia kwenye kanda pamoja na gitaa la umeme. Mahajanga yote iliwehuka. Madereva wa pusipusi walikokota riksho zao kwa mdundo wetu, na abiria wakafika kwao wakiwa wametikisika kama dawa.

Lakini kilichoiuza zaidi ni majina. Katikati ya kila wimbo gitaa lilibaki peke yake likichezacheza, na hapo ilikuwa kazi yangu kuwataja watu, kama wanavyotajwa harusini. Walinichagua mimi kwa sababu, walisema, nikizungumza kuna kicheko ndani ya sauti yangu hata nikiwa na njaa.

Ndicho kicheko kilichotoka sasa redioni, uani kwa Koko:

"Hamidou, ligonge besi, lijue leo ni leo! Fundi Athoumani, mkono wa hariri! Djaffar wa Hell-Ville, fungua mlango tunakuja! Boinali, dereva asiyelala, lala basi! Hamidou, Hamidou wee!" Na kicheko kirefu.

Akazima.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nilikuwepo."

"Mpiga besi umemtaja. Fundi cherehani umemtaja. Muuza kanda, umemtaja. Dereva, umemtaja na kumwombea usingizi."

"Wimbo wa nne ametajwa mng'oa meno wa Bwana Houmadi," Oumi akamkumbusha kwa upole.

"Ahsante, shemeji. Mng'oa meno." Akanigeukia. "Mimi niko wapi, Zalia?"

Alikuwa na macho ya mviringo, yenye kope ndefu zisizofaa kwa mwanamume, zilizomponza tangu utoto kwa kuchekwa na binamu zake. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya langilangi, wanakochemsha maua ya manjano kwenye mitungi ya shaba, na harufu ile haikumtoka hata akioga na majivu. Ilinifikia hapo mkekani. Nikasahau nilichotaka kusema.

"Majina ni biashara," nikasema mwishowe. "Anayetajwa hununua kanda, na shangazi zake hununua."

"Kwa hiyo mimi sina shangazi?"

Ansoifa akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa leso.

"Cheka tu, shemeji. Wenzangu huko kiwandani wananicheka vizuri zaidi. Redio iko juu ya pipa. Wimbo ukifika hapo wanaacha kazi, wote wananikodolea macho. 'Sasa! Sasa hivi anakutaja, bwana harusi!' Halafu anatajwa dereva. Siku ile walicheka mpaka mtungi mzima wa maua ukaungua."

"Pole," nikasema, na pole yangu ilikuwa ya kweli.

"Na huyo Hamidou mara mbili. Mara ya pili unamchekea."

"Waya wa besi ulimkatikia ukamchapa shavu, akaruka kama kaumwa na nge! Bwana Houmadi akasema kicheko kitamu hicho, kiacheni."

"Kitamu," akarudia. Sauti yake ikashuka. "Zalia, kile kicheko nilidhani ni changu. Kile chenyewe, kinachopanda halafu kinavunjika mwishoni. Nilidhani unakicheka nikiwepo mimi. Nimekinunua dukani kama chumvi."

Hapo, msomaji, utani ulinitoka. Ansoifa akamvuta Oumi mkono, wakaingia ndani kujifanya wanatafuta kitu, na mlango wakauacha wazi ili wasikose neno.

Nikasimama, nikamkaribia kiasi kinachoruhusiwa na macho ya jirani.

"Unajua kwa nini sikutaji."

"Ya bibi zetu."

"Na mimi ni wa nani, kama si wa bibi yangu?"

"Bibi zetu walikaa ndani. Wewe umetoka. Bibi zetu hawakupigwa picha, wewe uko kwenye jalada la kanda na liwa usoni, mpaka vinyozi wamekubandika ukutani. Yote hayo umeyaacha. Umeshika hili moja, na ndilo linaloniumiza mimi."

Nikakiri moyoni kwamba hilo lilikuwa jibu. Sikuwa nimelitegemea kutoka kwake, maana Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na maua mengi.

"Yale niliyoyaacha yalikuwa ya watu," nikamwambia. "Hili nimelishika kwa sababu ni lako. Hao wote niliowataja, nimewatoa. Wamekwenda sokoni, wanauzwa na chumvi, kama ulivyosema. Wewe sikukuuza."

Akanitazama. Kope zile zikashuka, zikapanda. Kidole chake kikagusa ncha ya mtandio wangu, kisha kikajirudisha kama kilichoungua. Nilidhani tumemaliza. Laiti angenyamaza hapo, leo ningekuwa nakusimulia habari za watoto wetu.

"Moinaecha hulitaja," akasema.

"Nani?"

"Mpwa wa Djaffar. Anakaa dukani kule kwetu Nosy Be, anauza kanda zenu. Kila nikipita huniita kwa jina langu lote, hakati hata kipande. Mtu husikia raha kuitwa, Zalia."

Sikuwa nimewahi kumwona Moinaecha, lakini kabla hajafika mwisho wa sentensi nilikuwa nimekwisha kumwumba: mwembamba, mweupe wa meno, mkono kwenye kaunta na bangili tano, kinywa kinafunguka kwa jina ambalo mimi nililala nalo na kuamka nalo bila kulionja. Wivu haukunipanda taratibu kama watu wanavyoandika. Ulinipiga kama mlango unaofunguliwa na mwenye haraka.

"Na huyo mwenye raha yuko wapi sasa?"

"Amekuja."

"Amekuja wapi?"

"Hapa Mahajanga. Watu wa Nosy Be tumekuja kundi zima kuwatazama kesho. Tumepanda meli moja."

"Meli moja."

"Zalia, meli ina watu wengi."

"Na kanda ina majina mengi, lakini wewe umemsikia Hamidou peke yake!"

"Usinigeuzie."

"Sijakugeuzia. Nimekushikia kioo. Alikuita mara ngapi melini? Mlipopita Analalava? Mawimbi yalipokuwa makubwa?"

"Alinipa limau, nilikuwa natapika."

"Alikupa limau!" nikapiga kelele, kana kwamba ameniambia alimzalia mtoto.

Ndipo Koko akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mdogo wa umbo, na ukimya ulikuwa unamtangulia kama mtu anayembebea mizigo. Akamwita kwa jina lake kamili, yeye ruhusa anayo, akamwambia aketi. Akaketi.

"Mwanangu, unataka nini hasa?"

"Nataka kutajwa, Koko. Kesho, mbele za watu. Mara moja tu."

"Unaijua maana yake katika nyumba hii?"

"Naijua. Lakini, Koko, unisamehe, hayo yamepita. Hata kwetu Marodoka watu hawayafuati."

"Mama yako alimtaja baba yako lini?"

Akafikiri. Niliona anatafuta kweli, anarudi nyuma hadi utotoni, anapekua vyumba.

"Sijawahi kumsikia," akasema.

"Na baba yako alilalamika?"

"Baba yangu hakuwa na mke kwenye redio!"

Koko akatikisa kichwa, akarudi kwenye sufuria lake. Alijua kupima moto, na ule aliuona umepita kiasi cha mwiko.

Mwenyewe akasimama, akaitoa kanda redioni, akaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Mtu anayekwenda kuvunja uchumba huku amebeba sauti yako kifuani!

"Kesho," akasema, hanitazami. "Nikilisikia jina langu, mfungo sita tunaoana, na sitouliza tena habari za Hamidou maisha yangu yote. Nisipolisikia, meli ya Jumatatu inanichukua. Na wazee wangu wakirudi hapa, watakuja kuchukua sinia lao."

"Mwenyewe..."

"Nina jina, Zalia."

Akatoka. Langoni akageuka, akanitazama mara moja, muda wa kupepesa tu, na katika jicho lile nikamwona yule wa zamani, aliyenisindikiza nyuma ya pusipusi kwa miguu kutoka bandarini hadi Mahabibo kwa sababu aliona haya kuomba kupanda. Kisha likafungwa.

Wenzangu wakatoka na mashauri kabla lango halijatulia.

"Mtaje!" Ansoifa akasema. "Jina ni pumzi, linatoka linapotea. Utapoteza mume kwa pumzi?"

"Usimtaje," Oumi akasema. "Leo anataka jina. Kesho atataka usiwataje wengine. Kesho kutwa atataka usiimbe."

"Wewe Oumi huna mchumba."

"Ndiyo maana naona vizuri."

Nikamfuata Koko jikoni. Alikuwa amemaliza kupika, sasa anasugua msandali juu ya jiwe lenye maji, anatutengenezea masonjoany ya kesho, lile liwa la manjano ambalo bila hilo mwanamke wa huku hujiona yuko uchi wa uso.

"Koko, nifanye nini?"

"Kinywa ni chako."

"Nampenda."

"Najua. Umeunguza samaki mara tatu mwezi huu." Akaendelea kusugua. "Mimi sikuamulii. Ila ujue kitu kimoja. Jina halimezwi mara mbili. Ukilitoa, hata yeye akipiga magoti, hata mimi nikikuonea huruma, litakuwa limetoka."

Jumapili onyesho lilikuwa alasiri, kwa sababu Koko alimwekea Bwana Houmadi sharti: wasichana wawe nyumbani kabla ya Magharibi. Ukumbi ulikuwa karibu na bandari, ghala la zamani lililopakwa rangi ya buluu, na watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Safu za mbele walikaa wanawake wa Mahabibo, saluva zao, zile nguo za kujifunga kifuani, za rangi ya embe na zambarau, kila mmoja na mbiwi zake mapajani. Koko katikati yao, kwenye kiti cha mikono.

Sijui kama nitaweza kukueleza ilivyokuwa. Gitaa lilipoanza, wale wanawake hawakungoja kuambiwa. Mbao mia zikaitikia, na paa la bati likawa ngoma. Ansoifa akapaa. Oumi akamshika kutoka chini asipotee. Mimi nikaingia katikati yao mahali pangu pale pasipoonekana, na nikasikia wimbo unasimama kwa miguu yake. Kanda ilikuwa kivuli tu, msomaji. Hiki ndicho kilichokuwa mtu. Mzee mmoja mwenye kofia alilia waziwazi, akajifuta kwa mkono wa kanzu, akaendelea kulia.

Nilikuwa nimeamua kutomtaja. Nilikuwa nimeamua kuteremka baada ya wimbo wa mwisho, nimfuate hata melini, nimwambie mbele ya wenzake wote wa kiwandani: huyu ni wangu, na ndiyo maana hamtalisikia. Neno nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa zuri.

Tukafika wimbo wa majina.

Gitaa likabaki peke yake. Hamidou akatikisa kichwa akingoja. Nikasogea kwenye kipaza sauti.

"Fundi Athoumani!" Akaja akiyumba kwa madaha, akanibandika noti kwenye paji la uso, liwa likaishika. Ndivyo desturi ilivyo. Aliyetajwa hucheza mpaka mbele, hutunza, hurudi. "Djaffar wa Hell-Ville!" Akaja na kitambi chake. Watu wakapiga kelele.

Nikamtafuta Mwenyewe kwa macho, nikampata. Alikuwa ameegemea nguzo ya kushoto, shati jeupe, na kando yake msichana. Hakuwa na bangili tano. Hakuwa hata mzuri kama nilivyomwumba. Alikuwa msichana wa kawaida mwenye uso wa upole, na hilo lilinichoma zaidi, maana msichana mbaya ningemchukia nikapona. Msichana akamwinamia sikioni. Mbali vile sikuweza kusikia, lakini niliona midomo yake inafunguka, inajifunga, inafunguka tena. Nililijua neno lile kwa umbo lake. Kila usiku nilikuwa nalipitia hivyo hivyo, kwa midomo, bila sauti.

Naye Mwenyewe hakumgeukia. Nakuapia, hakumgeukia hata kidogo. Angemgeukia ningejua nimeshindwa na mwanamke mwenzangu, nikalia yakaisha. Alikuwa ananitazama mimi, na anahesabu. Kila jina nililotaja, kidole chake kimoja kilikunjwa. Hakusikiliza gitaa. Hakuwasikia wale wanawake, ambao mama yake alikuwa mmoja wao ujanani. Wimbo uliomliza mzee wa watu, yeye aliufanyia hesabu.

"Hamidou, ligonge besi!" Kidole.

Halafu akanyoosha mkono, akajielekezea kifuani. Mimi. Sasa. Kama mtu anayemkumbusha muuza chai kwamba amesahaulika.

Nikaelewa. Nilikuwa nimempa mahali ambapo hakuna mwingine aliyewahi kufika, na yeye alisimama nje ya mahali hapo akiwaonea wivu waliokuwa foleni sokoni. Hakutaka kuwa wangu. Alitaka kuwa mmoja wao.

Basi nikamfanya mmoja wao.

"Tadjiddine!"

Lilitoka zito, limejaa joto la siku zote lilizokaa tumboni. Sikujua kwamba ni tamu hivyo. Lilijikalia kwenye mdundo kama lilitungiwa, Ta-dji-ddi-ne, na ulimi wangu ukashangaa kwamba umekuwa maskini muda wote huo.

"Tadjiddine wa Marodoka, njoo uonekane!"

Mbiwi zikasimama. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbao zilishuka mapajani moja moja, kama mvua inayoacha. Ansoifa alikosa sauti ya juu, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea. Koko alizikusanya mbao zake mbili pamoja, akazifunga kwenye pindo la leso, akaangalia sakafu. Gitaa pekee likaendelea, maana mpiga gitaa alikuwa mtu wa kutoka bara, hakujua.

Na Tadjiddine hakusikia ukimya ule. Alisikia jina. Mikono yake ikaruka juu, wenzake wa kiwandani wakamsukuma mgongoni wakipiga miluzi, "Bwana harusi! Bwana harusi!" Akaja akicheza. Alikuwa mchezaji mzuri, ole wangu, mabega mepesi, kichwa nyuma, meno yote nje, na harufu ya langilangi ikamtangulia mpaka jukwaani. Akanibandika noti kwenye paji la uso, pale pale liwa lilipokuwa limekwisha kubanduliwa na noti ya Djaffar, kwa hiyo haikushika. Akaishikilia kwa kidole chake, uso wake karibu na wangu kuliko siku yoyote ya uchumba wetu. Macho yake yalikuwa yanameremeta.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Ni jina tu."

"Naam," nikamwambia. "Ni jina tu."

Akacheka, akarudi mahali pake akicheza kinyumenyume, haniondolei macho. Nikaivuta pumzi hadi chini kabisa, nikakikaribia tena kipaza sauti, nikamtaja dereva.